Hapa Ndipo Tulipomficha

Andiko letu la kwanza la kuomba msaada lilikataliwa kwa sababu nilishukuru mno. Sifanyi mzaha. Majibu yaliingia kwenye barua pepe ya mama mwenye duka la stesheneri pale Same mjini, naye akanichapia kwenye karatasi moja. Yalisema kamati ya shirika la misaada imelisoma andiko letu kwa furaha, imeona kwamba jamii yetu ina mshikamano na rasilimali za kutosha kuwahudumia watoto wake, na kwa hiyo msaada utaelekezwa kwa wenye uhitaji mkubwa zaidi. Mwishoni walitutakia baraka. Nilisimama kwenye lile jua la Same nikaisoma karatasi mara mbili, nikaikunja nikaitia kwenye mfuko wa koti, nikasahau hata kununua chumvi niliyotumwa.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Maisha yangu yote nimekaa huku juu milimani, Upare wa kusini, katika mtaa mmoja wa usharika mmoja. Nimezoea kungoja mvua, kungoja gari, kungoja mapenzi ya Mungu, na sikuwa mtu wa hasira. Marehemu mke wangu alikuwa akinilaumu kwa upole wangu, hasa mbuzi wa jirani walipoingia kwenye maharage yetu. Lakini siku ile kitu kiliingia kifuani mwangu ambacho hakijatoka mpaka leo. Kwa muda nilimwomba Mungu akiondoe. Siku hizi namwomba tu anioneshe mahali pa kukiweka.

Nieleze tulichokuwa tunaomba. Nilipostaafu, wazazi wa watoto wenye ulemavu katika mtaa wetu walinifuata, wakaniomba niwe mwenyekiti wa kikundi chao, kwa sababu najua kuandika na kwa sababu, kama alivyosema mama mmoja, sasa nina muda wa kuwa na faida. Watoto walikuwa tisa. Kati yao yuko binti ambaye nitasimulia habari zake, maana kila nilipoandika neno "watoto" kwenye zile karatasi, nilikuwa namwona yeye akiwa mgongoni kwa bibi yake.

Binti huyu alizaliwa kwa shida, na mama yake alifariki siku chache baadaye. Hatembei wala hasemi. Anasikia, anaelewa, na anacheka kabla ya watu wengine kuona kinachochekesha. Bibi yake ni rika langu. Tulipata kipaimara siku moja, yeye akijua majibu yote nami nikisahau. Kila wiki ya pili alikuwa akimfunga mjukuu mgongoni kwa kanga mbili, anashuka naye kwa miguu njia ya mkato hadi Kisiwani, anapanda gari hadi Same hospitalini, ambako mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mwenye mikono ya nguvu na maneno machache, anamnyoosha miguu na nyonga. Jioni wanapanda tena. Mama yule wa mazoezi alimwambia bibi bila kumficha kwamba mazoezi yakikatika, miguu itakazana na kupishana kama mkasi, nyonga zitatoka mahali pake, na mtoto hataweza kukaa tena. Atakuwa mtu wa kulala tu. Na mtoto wa kulala tu hawezi kula vizuri, na kifua hakimwachi.

Alipokuwa na miaka mitatu safari hiyo iliwezekana. Alipofika minane, masika moja, bibi aliteleza kwenye ule mteremko juu ya Kisiwani akaanguka, mjukuu juu yake. Walilala pale kwenye tope mpaka wanawake waliokuwa wakitoka shambani wakawakuta. Hakuna aliyevunjika, lakini bibi hakushuka tena kwa wiki sita, na nilipokwenda kuwatembelea nikaona miguu ya binti imeanza kupishana. Bibi hakunionesha. Alimfunika tu kwa kanga akaniuliza habari za nyumbani.

Basi tuliomba jambo moja: mtaalamu wa mazoezi awe anapanda kuja kwetu kila wiki ya pili kwa miaka miwili, na katika muda huo awafundishe akina mama wawili wa kikundi kazi hiyo, ili akiondoka mikono ibaki. Na magodoro ya mazoezi, na vyuma vya kushikia ukutani. Hatukuomba zaidi, kwa kuwa vingine tulikuwa navyo, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Mimi nimefundishwa kushukuru kabla ya kuomba. Kwetu mtu akisimama mbele ya watu akaanza na shida yake, wazee hutazamana. Kwanza unashukuru kwa ulichopewa, kwa majina na kwa utaratibu, kisha ombi lako linakaa mwishoni, fupi, na kila mtu analisikia vizuri kwa sababu ameshatulia. Nimewafundisha hivyo watoto wa kipaimara miaka yote. Kwa hiyo nilipofika, kwenye fomu yao, penye kisanduku cha "Eleza tatizo", nikaanza na shukrani. Nilieleza kwamba usharika umetupa darasa la zamani la Shule ya Jumapili. Nilieleza jinsi baragumu lilivyopigwa alfajiri na watu wakatoka kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja isiyo na malipo, wakachonga njia kutoka barabarani hadi mlangoni pa darasa, na kutoka hapo kupanda hadi kanisani. Nilimtaja fundi seremala aliyetengeneza viti tisa vya mbao, kila kimoja kwa kipimo cha mtoto wake, vyenye mikanda ya kumshika kifuani.

Kisha nikafanya nilivyozoea. Zamani, watu wengi kijijini walipokuwa hawajui kuandika, barua zao kwa watoto walio mbali zilipita mikononi mwangu, na mwinjilisti mkongwe aliyenifundisha kazi alinipa sharti moja: barua haifungwi kabla hujamsomea mwenyewe, na mwenyewe hajasema, "Ndiyo, ni mimi." Asiposema, unachana na kuanza upya. Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, nikawasomea watu wote lile andiko.

Walilipenda kupita kiasi. Mzee mmoja alisimama akauliza kama mbao za viti zilianguka kutoka mbinguni, maana hajazisikia zikitajwa, na yeye anajua zilitoka kwenye mgrevilea gani. Nikaongeza mbao. Mama mmoja akasema ni vizuri fundi ametajwa, lakini siku ya msaragambo watu hawakula viti. Watu wakacheka. Nikaongeza makande na waliopika makande. Mwingine akakumbusha mchanga, mwingine maji ya kuchanganyia saruji. Kila mmoja aliposikia sehemu yake alitikisa kichwa, na mwisho wakasema kwa pamoja kwamba ndiyo, ni sisi.

Kisanduku kile kilikuwa na kikomo cha maneno. Shukrani zilipokwisha, ilibaki nafasi ya sentensi mbili. Nikaandika: "Tunaomba mtaalamu wa mazoezi apande kuja kwetu. Bibi amechoka."

Hiyo ndiyo karatasi waliyoisoma kwa furaha.

Baada ya kukataliwa, tulialikwa pamoja na vikundi vingine vilivyokataliwa kwenye semina ya siku mbili Same mjini, ya kufundishwa kuandika maandiko ya miradi. Nilikwenda mwenyewe. Mwezeshaji alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, mwenye heshima zake, aliyenipa shikamoo kwa mikono miwili na kunitafutia kiti karibu na feni. Nilipomuuliza kwao, akasema Ngujini, kule Ugweno. Nikafurahi kumpata mtu wa mlimani.

Siku ya kwanza alitufundisha mti wa matatizo. Unachora mti kwenye karatasi kubwa ukutani. Shina ni tatizo lenyewe, mizizi ni chanzo chake, matawi ni madhara yake. Tulipewa kadi za rangi tuandike na kubandika. Mimi niliandika "Mteremko", nikabandika kwenye mizizi. Niliandika "Bibi amezeeka". Mwezeshaji akaja taratibu, akazibandua zote mbili, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mteremko si chanzo, mfadhili hawezi kuuondoa mlima. Akaandika kadi tatu kwa mkono wake akazibandika: "Mila potofu." "Uelewa mdogo wa jamii." Na kwenye shina, kwa herufi kubwa, "Watoto wenye ulemavu wanafichwa."

Nilimwambia hakuna mtoto anayefichwa kwetu.

"Mzee wangu," akasema, "kila mahali wanafichwa."

"Kwetu wanabebwa."

"Sawa. Lakini kubebwa si tatizo, mzee. Kubebwa ni suluhisho. Ukishaandika suluhisho, hela inakwenda kwa mwenzako."

Watu wa vikundi vingine walicheka, si kwa ubaya. Nilikaa nikautazama ule mti. Mababu zangu, waliochimba mifereji na mabwawa ya kunyweshea mashamba haya kabla hajaja mtu yeyote na kadi za rangi, walikuwa wamebandikwa pale kwenye mizizi kwa gundi, wakiitwa mila potofu. Chakula cha mchana kilikuwa pilau. Sikula.

Lakini nilirudi siku ya pili. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ni rahisi mzee kusimulia hasira zake na kuruka mahali alipoinama. Nilirudi kwa sababu ya ile miguu niliyoiona kabla haijafunikwa kwa kanga. Mwezeshaji alijitolea kuniandikia andiko yeye mwenyewe, bila malipo, baada ya semina. Tulikaa ukumbini wawili tu, yeye na kompyuta yake, mimi na kofia yangu. Aliniuliza nami nikamjibu, na vidole vyake vikawa vinaandika maneno mengi kuliko niliyosema. Nikimwambia bibi anamshusha Kisiwani, yeye anaandika kwamba familia haina mwamko wa huduma za afya. Nikimwambia mtoto anakuja kanisani, anaacha kuandika, ananitazama, kisha anaendelea na jambo lingine.

Nilimuuliza kama kazi hii haimsumbui rohoni. Akasimamisha vidole.

"Mimi nimesomeshwa na stori kama hii, mzee wangu. Kidato cha kwanza mpaka cha sita. Shule iliandika kwamba mimi ni yatima."

Nikampa pole kwa wazazi wake.

"Wapo," akasema. "Baba yuko Ngujini saa hizi anapalilia migomba."

"Anajua kwamba aliandikwa amekufa?"

"Hakuna aliyemsomea."

Alicheka kidogo, kisha akaacha, akarudi kwenye kompyuta yake. Mpaka leo nikitaka kumchukia kijana yule nashindwa, kwa ajili ya huyo mzee anayepalilia migomba akiwa marehemu kwenye faili. Ningependa kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi.

Andiko lilikuwa liwasilishwe Ijumaa. Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa bibi na karatasi zangu ili nimsomee, maana sharti ni sharti. Nilimkuta anachambua maharage mlangoni. Binti alikuwa karibu naye kwenye kiti chake cha mbao, mikanda imefungwa, na aliponiona akacheka, kwa sababu ya kofia yangu. Kofia yangu haijawahi kumchosha. Nikaketi kwenye kigoda nikasoma.

Nilisoma kwamba katika jamii yetu mtoto mwenye ulemavu huhesabiwa kuwa laana. Nilisoma kwamba binti wa miaka minane, aliyetelekezwa baada ya kifo cha mama yake, anaishi amefungiwa katika chumba chenye giza, na majirani hawajui kama yupo. Nilisoma kwamba bibi yake, kwa kukosa elimu, anaona aibu kutoka naye nje. Nilisoma kwa sauti ya kanisani, ile ninayoijua, kwa sababu sikuwa na sauti nyingine, na sikuinua macho. Nilipomaliza nikangoja aseme.

Alikuwa ameacha kuchambua. "Mwinjilisti," akasema, "anasikia."

Ndipo nikamtazama binti. Hakuwa anacheka. Alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta, kwa ile shida anayoipata kuugeuza, na ameushikilia pale.

Nimesimama mbele ya majeneza mengi. Nimewafikishia wazazi habari ambazo hakuna mtu angependa kuzibeba. Sijawahi kujisikia kama nilivyojisikia pale kwenye kigoda, mtu wa Mungu aliyemsomea mtoto usoni kwamba hatakiwi, kisha akangoja kupewa idhini. Nikaanza kuzikunja karatasi. Nikamwambia bibi: dada yangu, naomba unisamehe, nitazichana, tutatafuta njia nyingine.

"Njia ipi?" akauliza.

Nikaendelea kuzikunja.

Alimgeukia mjukuu, akamrudisha uso taratibu, akamfuta mate, akamwambia kitu kwa Kipare ambacho kilikuwa chao wawili. Kisha akaniambia bila kunitazama: "Peleka. Mgongo wangu unasema peleka. Lakini usiningoje niseme ni mimi."

Ijumaa nilishuka Same nikatia sahihi. Jina langu, cheo changu cha mwenyekiti, na chini yake tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu. Mama wa stesheneri aliituma kwa kubonyeza mara moja. Baadaye nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza, naye akaniambia Mungu ameshanisamehe. Nilimshukuru. Lakini msamaha wa Mungu nilikuwa najua ulipo. Nilikuwa na deni kwa mtoto wa miaka minane.

Tulipewa. Majibu yalikuja haraka, na safari hii hawakututakia baraka, walitupa pole.

Na sasa niseme jambo linalonitia hasira kuliko mengine yote: ilisaidia. Mama wa mazoezi alianza kupanda kila wiki ya pili. Magodoro yakatandikwa, vyuma vikafungwa ukutani, darasa likawa na kelele za watoto. Akina mama wetu wawili walikaa sakafuni kando ya mtaalamu wakajifunza kila mkao, mmoja wao akigeuka kuwa mkali kuliko mwalimu. Baada ya miezi kadhaa miguu ya binti iliacha kupishana. Akaanza kukaa kwenye godoro bila mikanda, kwa muda wa wimbo mmoja, kisha wimbo wenye beti nyingi. Mimi nilikuwa nashukuru. Nilishukuru kila siku, kwa magoti yangu mabovu, na kila niliposhukuru nililikumbuka lile andiko. Kwa maisha yangu yote shukrani ilikuwa kitu changu safi. Hicho wamenichafulia, nami niliwashikia mlango.

Mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha, walikuja wageni: mama mmoja wa makamo kutoka ofisi ya shirika lililotufadhili, mpiga picha, na mwezeshaji wetu akiwaongoza. Akina mama walipika, watoto waliimba. Mgeni alikuwa mtu mwema. Alikaa sakafuni na watoto bila kutafuta kiti, na alimwamkia bibi kwa heshima zote. Alitazama mazoezi mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa upole kwamba, kwa ajili ya kumbukumbu zao, wangeomba kuona chumba alichokuwa amefichwa binti.

Mwezeshaji alitazama viatu vyake. Kabla sijafungua mdomo, bibi alikuwa ameshasimama. Alimwinua mjukuu, akamfunga mgongoni kwa zile kanga mbili, akasema, "Karibuni, ni hapo tu."

Aliwapandisha kwa ile njia iliyochongwa kwa msaragambo, akitangulia, mgongo wake umeinama, wageni wakimfuata, na watoto wote wa mtaa nyuma yao. Akasukuma mlango wa kanisa. Akatembea katikati mpaka mbele, akamfungua mjukuu, akamkalisha kwenye benchi mahali pale kwenye mbao palipoanza kung'aa kwa kukaliwa na mtu yule yule. Akamwekea mkono kifuani asianguke.

"Hapa ndipo tulipomficha," akasema. "Tangu alipobatizwa. Kila Jumapili."

Binti akacheka. Mpiga picha, aliyekuwa anahangaika na mashine yake, akauliza kama madirisha yanaweza kufungwa kidogo, maana mwanga ni mwingi na picha haitaonesha hali halisi.

"Mwachie jua," bibi akasema. "Analipenda."

Wakati wa kuondoka mgeni aliniita kando ya gari. Aliniuliza kama andiko halikuwa kweli. Nikamjibu kwamba halikuwa kweli na kwamba sahihi ni yangu. Nilitegemea anikaripie. Nilitamani anikaripie. Badala yake alinishika mkono, akatazama nyuma kuhakikisha hatusikiki, akasema, "Mzee, si lazima hili tuliandike. Kwenye ripoti eleza tu jinsi jamii ilivyobadilika. Mwaka wa pili utapita bila shida."

Nililala na maneno hayo siku nyingi. Alikuwa ananifanyia wema. Alitaka kutuokoa, sisi na mtoto wetu, na bei yake ilikuwa tuendelee kuwa watu waliokuwa wabaya mpaka yeye alipofika. Si yeye tu. Nyuma yake wako wengine, katika ofisi ambazo sitaziona, wanaotoa mali yao kwa moyo mweupe, na hakuna hata mmoja anayeweza kumhurumia mtoto mpaka kwanza aambiwe kwamba sisi hatumpendi. Nimekaa na watu wa milima hii katika njaa na katika mavuno. Tuna dhambi zetu, nami nazijua moja moja kwa sababu wengi waliniletea. Hiyo haimo.

Kisanduku cha ripoti kilisema: "Eleza mabadiliko ya mtazamo wa jamii." Kabla sijaandika nilikwenda kwa bibi. Nilimwambia wazi kwamba nikiandika kweli, huenda mama wa mazoezi asipande tena mwaka ujao. Akaniuliza wale akina mama wawili wamefikia wapi. Nikamwambia mtaalamu mwenyewe amesema mikono yao imekomaa, isipokuwa kwa nyonga, ambazo bado wanaziogopa. Akasema nyonga basi wajifunze haraka. Kisha akasema niandike, halafu nije nisome.

Niliandika bila shukrani na bila machozi. Niliandika kwamba mtazamo wa jamii haukubadilika, kwa sababu jamii ilikuwa inambeba mtoto huyu tangu mwanzo. Kilichobadilika ni miguu yake. Niliandika kwamba andiko lililopewa msaada lilikuwa na uongo, nikautaja, mstari kwa mstari, na nikasema nani alitia sahihi. Niliandika kwamba mteremko bado upo. Nikaomba mwaka wa pili, kwa maneno mafupi, kwa ajili ya nyonga.

Safari hii sikumsomea bibi peke yake. Niliweka kigoda changu mbele ya kiti cha mbao, nikavua kofia, nikamsomea binti, polepole, nikimtazama kila mwisho wa sentensi. Nilipofika mahali pa kanisani, bibi aliyekuwa nyuma yangu akanikatiza.

"Umeandika benchi la kwanza."

Nikatazama. Kweli nilikuwa nimeandika la kwanza. Hasira ilinisogeza mbele.

"La kwanza ni la wazee wa kanisa," akasema. "Sisi tunakaa la pili. Ukiandika la kwanza, tena watasema umewadanganya."

Nikatoa kalamu nikasahihisha, kisha nikasoma tena tangu mwanzo. Nilipomaliza, bibi alimtazama mjukuu, na mjukuu alikuwa ananitazama mimi, bila kugeuza uso.

"Ndiyo," bibi akasema. "Ni sisi."

Nimeipeleka. Hawajajibu. Jana akina mama wawili walifungua darasa wenyewe, na yule mkali alizishika nyonga za binti kwa mara ya kwanza.